Kipimo na Taa Nyekundu

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, tulimwita Kipimo, naye hakuwahi kuchukia. Kwa miaka kumi na tisa alisoma mita za maji mlango kwa mlango, akikimbizwa na mbwa wasioheshimu vitambulisho. Kisha idara ikafunga mita zinazojisoma zenyewe, ikampa cheti cha shukrani na saa ya ukutani. Saa ile ilichelewa dakika nne kila siku. Aliipima.

Nyumbani akaendelea kupima. Alijua birika huchemka kwa dakika ngapi, na sabuni ya kuogea hupungua kiasi gani nikija kuwatembelea. Mwishowe akajifundisha kuandika programu, daftari pembeni, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyeota mvi.

Kompyuta ilikuwa ya mdogo wangu, ile ndogo ya kupakatwa. Ndani yake mlikuwa na prosesa mbili za picha, yaani vipande vinavyochora kila kinachoonekana kwenye skrini: ndogo, inayokula chaji kwa adabu, na kubwa, ya michezo na video nzito, inayokula kama mgeni aliyeambiwa ajisikie nyumbani. Kompyuta huchagua yenyewe ipi ifanye kazi, wala haimwambii mtu. Kipimo aliona hiyo ni dharau. Akaunda programu ndogo iliyoweka taa kwenye pembe ya skrini: kijani kama prosesa ndogo iko kazini, nyekundu kama kubwa imeamka. Na kwa kuwa ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu kile cheti, aliipamba. Taa ilizunguka, ikameremeta, ikarusha cheche. Gari la wagonjwa halina madaha yale.

Ila ilikuwa nyekundu daima.

Mdogo wangu, karani wa kumbukumbu hospitalini, alikuwa anakabiliwa na mtihani wa kupanda cheo: muda wa saa mbili na nusu, kila mtu na kompyuta yake, ukumbini hakuna pa kuchomeka chaja. Alikuwa ameufeli mara mbili. Betri ikizima, umefeli. Na betri yake siku hizo ilikata roho kabla ya saa mbili kutimia.

Kipimo akatangaza msako. Alifuta mchezo wa kuchora wa watoto wao pacha. Akafuta programu ya muziki. Akaituhumu picha ya marehemu mama yetu iliyokuwa kwenye skrini, kwamba ni nzito mno. Mdogo wangu akaitoa, akaweka rangi ya kijivu. Mama alikuwa mzito, sikatai, lakini si kiasi hicho. Taa ikabaki nyekundu.

Jumamosi mchana, siku mbili kabla ya mtihani, mdogo wangu alikaa kitandani na kompyuta mapajani, akifunga programu moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa nakunja nguo. Feni ya ndani ya kompyuta iliendelea kuvuma, mapaja yakaendelea kuungua. Ikabaki ile taa peke yake, ikizunguka. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaifunga.

Feni ikanyamaza.

“Ni yenyewe,” akaninong'oneza.

Ili izunguke na kumeremeta, taa ilihitaji prosesa kubwa. Basi iliiamsha, halafu ikatoa taarifa kwamba imeamka.

Nilimshauri aifute kimyakimya. Akasema mtu anayejua idadi ya vijiti kwenye kibiriti hafichwi kitu. Akamwita mumewe, Baba Pacha, aje na daftari, apime mwenyewe: betri taa ikiwaka, betri taa ikiwa imefungwa. Akapima mara mbili. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kalamu mkononi, na nikaona shingo yake imekuwa nyembamba.

“Mlinzi kavunja mlango mwenyewe, halafu anapiga yowe la mwizi,” mdogo wangu akasema, taratibu.

Kipimo alifikiri. “Lakini yowe lilikuwa la kweli, Mama Pacha. Hakudanganya hata mara moja.”

Mdogo wangu ndiye aliyeanza kucheka. Kipimo alichelewa kidogo, kisha akamfuata. Baadaye akaifuta taa kwa mkono wake mwenyewe, na hakutaka tumtazame akiifuta.

Siku ya mtihani mimi na Kipimo tulisimama getini. Mdogo wangu alipotoka, shemeji hakumsalimu.

“Imebaki ngapi?”

“Asilimia kumi na saba.”

Akaandika. Kisha akafunga daftari, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake akauliza, “Na maswali?”

“Maswali niliyamaliza yote, mume wangu.”

Akampokea kompyuta, akaibeba mpaka nyumbani.