Daftari la Nne la Mama Utepe

Mama Utepe hakuwa daktari, wala hakujidai. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto wenye maji kichwani, na kwa miaka kumi na tisa aliwapima vichwa kwa utepe: kila mtoto mara tatu, kisha anaandika kipimo kikubwa katika moja ya madaftari yake matatu. Hakuna mama aliyetoka bila kuacha namba ya simu. Kila miezi mitatu aliwapigia. "Mwanangu, mjukuu wangu anaendeleaje?" Akiambiwa mtoto ameanza kukaa, anapiga vigelegele wodini hadi wagonjwa wanacheka. Akiambiwa ametutoka, analia na mama yake kwenye simu, kisha anaandika tarehe kwenye daftari la nne, la marehemu peke yao.

Kila mwisho wa mwaka, Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo wa watoto aliyapitia madaftari hayo na kutia saini kila ukurasa. Kutokana nayo aliandika utafiti juu ya njia yake mpya ya upasuaji, na sasa inafundishwa nchi za mbali. "Dada, bila wewe mimi si kitu," alikuwa akimwambia. Naye, masikini, anatabasamu hadi jino la mwisho.

Siku ya kumpongeza Daktari, daktari mmoja mgeni alimfuata Mama Utepe akampa mkono. "Wiki ijayo tunaanza kuitumia njia hii kwa vichanga kwetu. Watoto mia mbili, waliokufa wanne tu! Hongereni."

"Wanne? Mbona daftarini mwangu ni thelathini na mmoja?"

"Wepi, mama? Kwenye utafiti, wengine wameandikwa hawakupatikana tena."

Hawakupatikana! Jamani, yeye si ndiye aliyewapata, mmoja mmoja? Tena karibu wote walipasuliwa kabla ya kufikisha miezi sita. Alimvuta Daktari kando ya meza ya soda.

"Vichanga hawaiwezi njia hii, Daktari. Nilikuonyesha, ukatia saini."

"Punguza sauti, dada. Ningewaweka wale, nani angetusikiliza?" Uso mkavu, hata haya hana. "Mambo ya simu si utafiti. Usinivurugie siku yangu."

Siku yangu! Miaka yote hiyo alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na yeye anashukuru. Jina lake kuachwa kwenye utafiti angelimeza. Lakini ni yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, aliyewaambia wale akina mama kwamba ni bahati mbaya, hakuna aliyejua.

Alikwenda wodini, akarudi na daftari la nne, akamkabidhi mgeni mbele ya watu. Mgeni alisoma kwa kusimama, kidole juu ya saini, ukurasa baada ya ukurasa.

"Vichanga hatutawagusa," alisema hatimaye.

Mama Utepe hakungoja keki. Alikaa kwenye benchi la wodi, akampigia mama wa marehemu wa mwisho aliyemwandika.

"Mwanangu, ni mimi. Nilikwambia hakuna aliyejua." Sauti ilimkatika, akaanza upya. "Alikuwepo aliyejua."