Taa Iliyopakwa Nyekundu kwa Ndani

Juzi mjukuu wangu alinipeleka mtaa wa Troyeville, huku kusini tulikohamia, kwenye duka la fenicha kuukuu anakofanya kazi. Akaniambia, "Bibi, kaa hapo upumzike, nakuja sharp-sharp, sasa hivi." Nikakaa. Mbele yangu, juu ya meza, ilining'inia taa ya bati jeupe, vipande vimepangana kama maganda ya kitunguu. Mwenye duka akaniona nimeikodolea macho. "Gogo," akaniita, kama huku wanavyowaita mabibi, "hiyo imetoka Denmaki, siyo kopi." Nikainama nikachungulia kwa chini. Ndani imepakwa nyekundu. Taa kama hiyo nimewahi kuiona, nikiwa mtoto.

Sikiliza nikwambie. Nimezaliwa kwenye shamba la mkonge huko Tanga, katika laini za nyumba za wafanyakazi. Harufu ya maji ya mkonge yaliyooza ukishaivuta huisahau tena. Tulikula bada, ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa dagaa, tulichota maji bombani, na king'ora cha kiwanda kikilia jioni, kila mtoto alitakiwa awe ndani, kwa sababu ya mumiani. Hao walisemwa ni watu wanaokamata wapita njia, wanawatoa damu wakatengenezee dawa. Hakuna aliyewaona, ila kila mtu alimjua mtu aliyewaona.

Mama alikuwa mpishi wa meneja, Mdenishi. Mwaka mmoja alikuja mgeni, baba yake mke wa meneja, mzee mrefu, mkimya, huko kwao fundi wa taa. Alileta taa aliyoitengeneza mwenyewe, bati kalikunja kwa mashine na kulipaka rangi kwa mkono wake. Akaitundika chini mno, karibu na sahani. Mama akamuuliza, kwa Kiswahili cha jikoni na kwa mikono, mbona chini, mbona nyekundu. Mzee akamwonyesha: aliyeketi asiumizwe macho na balbu, na mwanga ukigusa ile nyekundu, watu mezani wasionekane kama wagonjwa.

Mama alipenda kusimulia. Kesho yake bombani akawaambia wenzake, "Ile nyekundu, shoga zangu, ukikaa chini yake uso unapata damu."

Alisema hivyo tu. Jirani yetu, ambaye mumewe alikuwa hajaonekana tangu siku ya mshahara, akaweka ndoo chini. "Inaitoa wapi hiyo damu?"

Mama akacheka. Alidhani utani.

Jioni watu wa laini walikuja kwetu. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Walibisha hodi, wakamsalimu bibi yangu vizuri, wakauliza mama anarudi kwa njia gani. Wanaume walikuwa na panga zao za kukatia mkonge. Bibi akanishika mkono akawafuata.

Tulimkuta mama njiani, amebeba bakuli lililofunikwa kitambaa.

"Shoga, leo wamekupa nini mabwana zako?" jirani akamwuliza.

"Viazi."

"Kula kwanza, tuone kama ni viazi kweli."

Mama akala viazi amesimama, watu wamemzunguka. Alivimaliza vyote. Nyapara wa shamba akasema hiyo haitoshi, twende kwenye taa. Tukaenda wote hadi barazani kwa meneja, mama mbele, panga nyuma yake.

Mzee fundi akatoka. Sijui mama alimwambia nini kwa mikono yake, lakini mzee alirudi ndani akaja na taa, akaifungua kipande kipande mbele yetu. Akasugua nyekundu kwa kidole, akatuonyesha kidole kikavu. Hakuna aliyesogea. Basi akachukua bati kubwa akajivika kichwani. Kijana mmoja akasema, "Mwone, kavaa kofia ya bibi harusi." Mtu akacheka, mwingine akafuata. Panga zikashuka.

Mume wa jirani alirudi baada ya hapo, kalewa, akashangaa kusikia kwamba yeye ni marehemu. Jirani hakuja kuomba radhi. Alimtuma mtoto tu, akaja na kigae kuomba makaa, kama kawaida.

Shamba lile siku hizi ni vichaka. Mzee alikwishakufa kwao, na taa zake, naambiwa, matajiri wanazigombea. Hayo siyalilii. Ninayemlilia ni mama yangu, yule wa bombani, aliyekuwa akianza hadithi na ndoo zinajaa na kumwagika hakuna anayejali. Tangu jioni ile alichota maji, akajitwisha, akaondoka. Akiulizwa habari za kwa meneja alijibu, "Nzuri." Hata sisi wanawe tulimpata hivyo hivyo, neno moja moja, mpaka tulipomzika.

Wanangu hapa mtaani kwetu, La Rochelle, wananiita mkali. Wanasema sipigi soga na majirani, na nawakataza watoto kueleza mambo ya nyumbani getini. Ni kweli nawakataza. Majirani zangu ni watu wazuri, wananisalimu kila asubuhi kwa adabu. Nami nawajibu, kisha nafunga mlango.