Ushuhuda wa Chooni

Dada yangu alianza kukonda wakati wa mvua, na watu wakaanza kumpongeza.

Tulikulia Tanzania, upande wa Karagwe, tukarudi Rwanda tukiwa watu wazima. Tukiwa wawili tulikuwa tunaongea Kiswahili tu. Yeye alikaa Kicukiro, mimi napanga Rebero, mlimani hapo hapo karibu, kwa hiyo hakuna kilichompata ambacho sikukiona kwa macho yangu. Ndiyo maana hata baada ya kumzika hasira haijanitoka.

Ilianza kwa kufunga choo. Hapa Kigali ukisema tumbo linakusumbua, hakuna anayekuuliza linasumbua vipi. Unaambiwa una inzoka, basi. Inzoka ni minyoo, lakini kwa watu wetu ni jina la kila balaa linalotokea chini ya kifua. Gesi ni inzoka, kiungulia ni inzoka, mtoto akikataa uji ni inzoka. Dada akameza dawa ya minyoo. Haikusaidia, akachemsha umuravumba, yale majani machungu yanayooteshwa uani kwa ajili ya tumbo, akayanywa asubuhi na jioni huku amekunja uso. Hayo nayo hayakusaidia.

Ndipo akaingia mama mmoja wa kundi lao la maombi na unga wake. Ulikuwa wa kijani, unanuka kama nyasi zilizolala na mvua, na kopo lake halikuandikwa umetengenezwa na nini. Kundi lile lilikuwa na desturi ya kufunga na kuomba mwisho wa wiki. Yule mama akawafundisha kwamba tumbo likiwa tupu ndio wakati wa kusafisha utumbo: roho inatakaswa, na mwili nao unatakaswa. Ijumaa wanakunywa unga, Jumamosi wanashinda chooni, Jumapili wakitoka ibadani wanakutana kutoa ushuhuda.

Ushuhuda, ndiyo. Nilikuwepo siku moja sebuleni kwa dada na sikuamini masikio yangu. Hawa ni watu ambao hawawezi kuonekana wakitafuna barabarani. Mimi mwenyewe niliporudi nchini niligombezwa kwa kula ndizi huku natembea. Lakini pale, Biblia mapajani, wanawake wazima wenye heshima zao walisimuliana kilichowatoka. Mmoja alitokwa na vitu kama nyuzi. Mwingine kitu cheusi kinachonata. Kila aliyemaliza aliitikiwa amina.

"Musiogope kitu iko natoka," mwenye unga aliwaambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akinitazama mimi. "Ile yote ni uchafu ya miaka mingi. Ukiona kitu ya ajabu, ushukuru Mungu, dawa iko nafanya kazi."

Dada yangu akasimama. Alikuwa amevaa mshanana wake wa ibada, ule wa kufunga begani, na mfupa wa bega ulikuwa umejitokeza. Akasema yeye imemtoka damu, tena nyingi, na kwamba anamshukuru Mungu.

Wakaitikia amina.

Nilimfuata jikoni. Nilimwambia damu si uchafu. Akasema ni damu chafu, ikiisha atapona. Nikamuuliza imeanza lini.

Alisuuza glasi moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Hata kabla ya unga," alisema. "Ila nilikuwa sijui ni nini."

Hapo niliogopa, na mimi nikiogopa huwa napiga kelele. Nilimwita mjinga, wageni wakisikia. Lakini nilimwelewa vizuri mno. Kwa muda wote ule alikuwa na kitu asichoweza kumwambia mtu, na unga ule ulimpa jina la kukisemea mbele ya watu, tena kwa shangwe. Mimi nilichokuwa nacho ni hospitali tu.

Na hospitali hakutaka. "Nikavue nguo mbele ya kijana wa watu, anitazame huko?" alisema. "Kuna siku nilikuambia nimechoka kuheshimiwa?" Tulicheka wote wawili, na nikachukia kwamba tumecheka.

Aliendelea kunywa. Sketi zake zikapunguzwa kiuno, zikapunguzwa tena. Majirani walimwambia amerudi usichana, wakamuuliza siri, naye aliwaelekeza kwa mwenye unga bila choyo. Nilipomkuta yule mama mlangoni kwa dada na kopo jipya, nililichukua mkononi mwake nikalimwaga lote kwenye mfereji wa barabarani. Alinitazama kwa huruma, akaniambia ataniombea. Wiki iliyofuata dada alikuwa na kopo lingine.

Kilichomshinda mwishowe ni mlima wa kwangu. Alikuja kunitembelea, akakaa chini pembeni ya barabara, akashindwa kuinuka. Alipoweza kusema aliniambia, "Haya, nipeleke."

Kituo cha afya kilitupeleka hospitali, hospitali ikapanga apimwe utumbo kwa kamera. Kabla ya kipimo alipewa dawa ya kuchanganya na maji, anywe lita kwa lita mpaka tumbo libaki tupu kabisa. Sikuwahi kumuona na furaha vile. Alikaa kitandani kwangu na jagi lake, akaniambia, "Unaona? Hata madaktari wanasafisha. Wewe ulikuwa unanitukana bure." Alikunywa mpaka tone la mwisho, na mimi nilishinda nikimshika kiuno kwenda na kurudi chooni. Hakuwa na uzito wowote.

Daktari alikuwa kijana, kama alivyohofia. Alitusikia tukiongea Kiswahili, naye akatuongelesha hicho hicho.

"Mama, utumbo ilikuwa safi kabisa," alisema. "Tumeona vizuri, yote."

Dada alinikamata mkono, akageuka kunitazama, uso umemng'aa. "Umesikia?" aliniambia. "Safi kabisa."

 Daktari alivuta kiti akakaa karibu naye, akauliza kama nyumbani kuna mtu mwingine ambaye tungependa aitwe kwanza.

"Wa nini?" dada alimjibu, bado anatabasamu. "Huyu mdogo wangu anatosha."