Keki ya Preben

Mnaning'ang'aniza niandike, na kalamu yenyewe inanishinda. Haya! Binti yangu Gunhild anatunza kompyuta kuu ya ofisi ya pensheni hapa Esbjerg. Kompyuta hiyo ilituma barua pepe bila kumdai mtu nywila, kwa hiyo tapeli angeweza kutuandikia wazee kwa jina la ofisi. Bosi wake Preben akakataa iwekewe nywila: "Acha woga, Gunhild, nani ataihangaikia mashine kuukuu?"

Katika ofisi za kwetu, aliyeacha kompyuta yake wazi, mwenzake akaitumia kwa jina lake, hununulia wenzake keki. Gunhild akaitumia kompyuta ile ile kuwaandikia wote ofisini kwa jina la Preben: njooni mle keki. Wakajaa mlangoni kwa Preben na sahani zao.

"Jamani, sikuandika mimi!"

"Ndicho nilichokuwa nakuambia, bosi."

Preben akanunua keki, akakubali yaishe, na jioni hiyo binti yangu akaweka nywila. Huyo ndiye mwanangu! Na wewe unayesoma, kabadilishe nywila yako sasa hivi.