Sahani ya Kumi na Mbili

Kwa miaka thelathini na minne nimepanguza vumbi la nchi ambazo sitawahi kufika. India naipanguza Jumatatu, Japani Jumanne, Uhabeshi Jumatano, na Alhamisi nalala kwa sababu ya mgongo. Usidhani natania. Nyumba yetu hapa Endebess ina vyumba vinne, na viwili ni vya vitu vya Job. Watoto wangu wamekua wakilala watatu kwa kitanda kimoja ili saa ya Mjerumani ipate mahali pa kusimama, na hiyo saa yenyewe, bana, haijawahi kutembea hata dakika moja.

Job Kemboi, mume wangu, alikuwa fundi wa fanicha mjini Kitale. Alitengeneza viti na kabati za watu wenye mashamba makubwa, wazungu waliobaki, na za Wahindi wa maduka. Hao watu walipozeeka na kuanza kuhama, huyu Nairobi, yule Uingereza kwa watoto wake, walimwita Job aje awapigilie misumari kwenye masanduku. Kitu ambacho kilikosa nafasi sandukuni, Job alikiomba. Sinia ya shaba ya India. Msalaba wa Uhabeshi. Kigae cha Uajemi chenye ua la buluu, kimepasuka katikati. Mafundi wenzake waliomba friji na jiko la gesi. Wangu alifika nyumbani amebeba kigae kilichopasuka, anatabasamu kama mtu aliyepewa ng'ombe wa maziwa.

"Sasa hiki tutapika na mboga gani?" nilimuuliza.

"Mama Rotich, angalia tu hii kazi ya mkono. Mtu alikaa chini akafanya hii. Yeye ameenda, na kazi bado iko."

Hivyo ndivyo alivyoniita, kwa jina la kijana wetu wa kwanza, na kila akiniita hivyo nilijua kuna kitu kingine kinaingia nyumbani. Mimi nilikuwa na hasira na vitu hivyo, siwezi kuficha. Lakini kuna jambo moja Job alilotaka maishani na nililijua vizuri. Alitaka visitawanyike. Alikuwa ameona nyumba nyingi zikivunjwa, kikombe kikienda huku na birika lake kule, akawa anasema siku moja vyote vitakaa chumba kimoja, watoto wa shule wa hapa kwetu waje waone. Aliyasema hayo akinywa chai, tena na tena, mpaka watoto walikuwa wanamalizia sentensi.

Alichopenda zaidi ya vyote ni sahani za Japani, kumi na mbili, nyeupe, zenye korongo wawili wanaoruka na dhahabu pembeni. Chini ya kila moja kulikuwa na maandishi madogo mekundu ambayo hakuna mtu Endebess angeweza kusoma. Alizichongea rafu ya mwaloni yenye nafasi kumi na mbili kamili.

Miaka tisa iliyopita mama yangu alifariki huko Ndalu. Mimi ni Mbukusu wa Ndalu, na kwetu kukiwa na matanga, sahani hutoka kila boma. Kila mwanamke analeta zake na kila mmoja ameweka alama chini: huyu tone la rangi ya kucha, yule herufi mbili za rangi ya mafuta, mwingine amechoma tundu kwa msumari wa moto. Watu wakishazika, wanawake wanakaa kando ya karai, wanapindua sahani moja moja. "Hii ya nani?" "Si unaona ni ya Mama Sally?" Isiyo na alama, wacha tu, hiyo inaenda na yeyote.

Sahani zilikuwa hazitoshi. Nilichukua za Job zote kumi na mbili nikazipakia kwa beseni. Sikuomba ruhusa. Ni mama yangu alikuwa amekufa, na mimi ningeanza kuomba ruhusa ya sahani? Zilirudi kumi na moja. Nilimpigia simu mke wa kaka yangu, akasema ametafuta nyumba nzima, hakuna.

Job hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alipanga zile kumi na moja kwenye rafu, akaacha nafasi ya mwisho wazi, akaenda zake kazini.

Ile nafasi ilinikaa rohoni. Nikaapa hakuna kingine kitakachopotea mikononi mwangu. Wiki hiyohiyo Job akiwa Kitale, nilitoa sahani zake, nikachukua msasa kutoka kwa sanduku lake la vifaa, nikasugua chini ya kila moja, kwa sababu rangi haishiki kwenye kitu laini, kila mwanamke anajua. Yale maandishi mekundu yakatoka. Nikaandika herufi zangu, G.K., Gladwell Kemboi, kubwa, kwa rangi ya mafuta ya kijani. Nilipomaliza nilijisikia vizuri sana. Hata niliimba, nikazirudisha kwenye rafu, na Job hakuwahi kuzipindua.

Mwaka juzi presha ilimpiga Job akapooza upande wa kulia. Mkono uliokuwa ukichonga mwaloni ukawa unalala tu magotini. Hapo ndipo hamu yake ya kile chumba ikawa kali. Kila mgeni, hata wa kuuza maziwa, alimuuliza, "Hujui watu wa makumbusho?"

Februari mwaka huu wakapatikana. Alikuja binti anaitwa Khairunisa, mzaliwa wa Kitale, familia yao iko karibu na msikiti. Anafanya kazi na watu wanaofungua makumbusho Eldoret. Baba yake alimkumbuka Job, kwamba aliwahi kumtengenezea kiti cha kubembea. Binti mwenye heshima kweli. Alivua viatu mlangoni, akamshika Job ule mkono uliolala, akasema, "Shikamoo mzee. Nimeambiwa una dunia nzima hapa."

Job alicheka. Nilikuwa sijasikia kicheko hicho tangu augue.

Khairunisa alizunguka vyumba vyote viwili, anaandika, anapiga picha. Alipofika kwa sahani akaweka kalamu chini. Akachukua ya kwanza. Kumbe watu wa kazi hiyo hawaangalii uso wa kitu, wanaangalia chini. Akaipindua. Akachukua ya pili, akaipindua. Zote kumi na moja.

"Mama," akaniuliza polepole, "hii G.K. ni nini?"

Ghai! Nikamweleza yote, mambo ya matanga, alama, msasa. Nilikuwa naongea naye lakini namwangalia Job.

"Mzee, nitakuambia ukweli," Khairunisa akasema. "Wakubwa wangu wako tayari kuchukua vyote pamoja, chumba kimoja, jina lako mlangoni. Lakini lazima kiwepo kitu kimoja cha kubeba hivyo vingine, na kitu hicho ni hizi sahani. Yale maandishi yalikuwa jina la karakana. Bila hayo wataniambia ni za kuiga. Kungekuwa na hata moja tu yenye jina, ningezitetea zote."

Hata moja tu. Sote watatu tukaangalia ile nafasi ya kumi na mbili.

Maneno yalikuwa yanamtoka Job kwa shida tangu apooze. Mwishowe akanigeukia.

"Mama Rotich. Ulitumia msasa namba ngapi?"

"Themanini," nikasema.

"Aa. Hiyo ni ya mbao ngumu."

Basi. Hakuna lingine alilowahi kunilaumu nalo. Khairunisa alipoenda nililia jikoni mpaka ugali ukaungua. Tangu siku hiyo Job aliomba kiti chake kigeuzwe kielekee rafu, na mimi nikaendelea kupanguza, Jumatatu India, Jumanne Japani. Nilikuwa nimechoka na vitu, nimechoka kumnyanyua na kumlaza, na zaidi nilikuwa nimechoka na mimi mwenyewe.

Alifariki Juni, alfajiri, mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Watu walikuja wengi, mafundi wa Kitale, ndugu zake wa mlimani, na watu wangu wa Ndalu. Sahani zikapungua tena. Nikamwambia Rotich atoe za rafu.

"Mama, si ni za baba?"

"Ni za baba, na watu wamekuja kwa baba. Wacha wale."

Baada ya mazishi nilikuwa kando ya karai, napindua sahani, natoa zangu zenye kijani. Mama mmoja wa Ndalu, Phelista, jirani ya kina kaka, akaja akachuchumaa karibu nami. Alikuwa ameshika moja ya zile za korongo.

"Dada Gladwell, hizi ni zako?"

"Si unaona alama?"

"Woi," akasema. "Mimi niko na moja kama hii."

Akanieleza kwamba kwenye matanga ya mama yangu alibeba chakula akampelekea mama mkwe wake, ambaye alikuwa hatoki kitandani. Siku ya pili alirudisha sahani, na msichana aliyekuwa anaosha vyombo kwa kina kaka akaiangalia akasema hiyo si ya hapa. Ukweli, haikuwa ya hapo. Akazunguka nayo boma kwa boma na kila mtu akasema si yangu. Haikuwa na alama. Akaiweka juu ya kabati, na kwa miaka tisa hajawahi kuilia.

Alirudi nayo Jumatano, siku nne baada ya kuzika, imefungwa kwa leso. Niliifungua mezani nikaipindua. Yale maandishi mekundu yalikuwa pale, safi, kama yalivyotoka kwa huyo Mjapani.

Sikushukuru kwanza. Nilikasirika. Nilimkasirikia Job. Wiki mbili tu! Umengoja miaka tisa, ukashindwa kungoja wiki mbili? Phelista alidhani nalia kwa sababu yake, akaanza kuomba msamaha, ikabidi nimnyamazishe huku mimi mwenyewe sijanyamaza.

Rotich alipiga picha akamtumia Khairunisa. Haikupita hata robo saa simu ikalia. Alikuwa anaongea haraka, anacheka, ati ndiyo hiyo, ati ni karakana ya zamani sana, wakubwa wake wameshaona, watachukua vyote pamoja, chumba ni cha mzee.

"Mama, mpe mzee simu," akasema. "Nataka nimwambie mwenyewe."

Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia.

"Niambie mimi," nikasema. "Nitampelekea."

Nikaiweka sahani kwenye nafasi yake, nikachukua kiti cha Job na kitambaa cha vumbi, nikaenda mpaka nyuma ya mahindi tulikomzika. Nikakaa. Nikamwambia yote, tangu Phelista mpaka jina mlangoni, na kwamba hii ya kumi na mbili sikuigusa na msasa. Kisha nikapanguza msalaba wa mbao wa kaburi lake, kwa sababu ulikuwa umeanza kushika vumbi.