Niliipa Motokaa Tui la Kwanza

Nguu! Nguu! Kisha kimya. Mlio ule wa hendeli ya kuwashia motokaa bado ninao masikioni.

Kaka yangu Juma ni dereva wa tajiri mmoja wa Kihindi pale Buguruni. Motokaa ilikuwa mpya, na siku hiyo ilitakiwa impeleke binti wa tajiri akaolewe. Asubuhi kaka alimwaga oili ya zamani, akanituma dukani kununua mpya.

"Chukua nyepesi, uitie mwenyewe. Mie napiga pasi."

Mwenye duka akanionyesha aina mbili. Ile nyepesi ilichuruzika kama tui la tatu, lile la kuchemshia tu. Nikaona haya. Motokaa ya bi harusi niipe maji ya machicha?

"Nipe nzito, babu."

"Binti, hiyo ni ya malori yaliyochoka. Injini mpya itakwama."

"Nipe tu!"

Nikaimimina yote huku nikiimba.

Basi bi harusi kaingia ndani ya motokaa, kaka anazungusha hendeli mpaka jasho linamdondoka, na motokaa haiwaki. Tajiri akafoka, "Juma, umeniharibia motokaa! Kazi huna!"

Sikuweza kuvumilia. "Si yeye, tajiri! Ni mie. Nimeitia oili nzito, nimeipa tui la kwanza!"

Uwanja mzima ukanigeukia. Bi harusi akacheka mpaka shela ikamvuka. Tajiri akajaribu kununa, akashindwa.

"Juma, kazi unayo. Ila huyu dada yako abaki jikoni!"

Wakaita teksi, wakaenda zao, na kaka akawafuata kwa miguu. Nilipobaki peke yangu, nikaipapasa motokaa boneti, nikainong'oneza, "Samahani, mama."