Injini ya Leonardi na Sahani ya Kristiana

Mdogo wangu Leonardi alikuwa na wake wawili, ingawa kanisani waliandika mmoja. Wa kwanza ni Kristiana, binti wa kule Chala, ndoa ya altareni, mimi mwenyewe ndiye niliyemfunga kitambaa siku ile. Wa pili alikuwa injini. Usishangae. Injini ya chuma, inayovuja oili, ndiyo iliyotaka kuivunja ile nyumba, na mpaka leo nikiikumbuka kichwa kinaniuma.

Leonardi tangu mtoto hakuwa na maneno. Mtu wa kufungua tu. Aliwahi kuifungua baiskeli ya katekista wakati katekista yuko ndani anafundisha, akaipanga barazani vipande vipande, akashindwa kuirudisha. Nilimchapa mimi. Haikusaidia. Alipokua akapata kazi ya ufundi Laela, kwa wazungu waliokuwa wanatengeneza barabara ya Tunduma. Bosi wao alikuwa mrefu, ana ndevu kama mahindi mabichi, na alikuwa na gari jekundu la mashindano. Milango miwili, limeketi chini kabisa, ubavuni lina namba saba. Gari la kukimbia, kwenye nchi ambayo hata mbuzi anaruka mashimo! Barabara ilipoisha wazungu wakaondoka, na bosi akamwachia Leonardi lile gari. Angemwachia hata mabati tungejenga.

Siku alipolileta kwetu Mazwi tulilisikia kabla ya kuliona. Sikatai, sauti lilikuwa nayo. Halikunguruma kama lori. Lilikuwa linaimba kwa chini, halafu linapanda, linapanda, mpaka kitu kinatetemeka kifuani kwako hujui ni nini. Ng'ombe wa jirani walivunja zizi. Wanawake kisimani wakaacha ndoo. Leonardi akashuka anacheka meno yote nje, mtu ambaye hata harusini kwake hakucheka.

"Dada, umeisikia?"

"Nimeisikia. Inabeba magunia mangapi?"

Akafungua boneti.

Basi zikaja zile siku za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Dukani ambako tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, sasa sabuni rangi tatu, mashuka ya maua, betri, kila kitu. Kila mwenye akili akajitafutia njia. Mwenye pikapu anapeleka maharage Tunduma, asiye na pikapu anauza maandazi. Leonardi yeye ana gari uani, na gari limekufa. Injini imechoka. Vipuri vyake havipo Sumbawanga, havipo Mbeya, na hata likiwaka linakunywa petroli kama mlevi wa siku ya mavuno.

Shemeji yake Kornel, kaka wa Kristiana, ndiye aliyekuja na shauri la maana. Kornel ana mashine ya kusaga pale Chala, mtu wa kusema sana, lakini anafanya kazi. Alitoka Tunduma na injini ya dizeli, imetolewa kwenye basi dogo, nzima kabisa. Akakaa sebuleni kwa Leonardi, na mimi nipo.

"Shemeji, toa hiyo inayolia, weka hii inayofanya kazi. Gari litakwenda Chala na kurudi kila siku. Dada yangu atavaa."

Leonardi akakiweka chini kikombe cha chai. "Nikiitoa, hili siyo gari lile tena."

"Litakuwa gari gani?"

"Bati. Mtu ukimtoa moyo ukamwekea wa ng'ombe, utaendelea kumwita jina lake?"

Nikamwambia, "Kama analima, mimi nitamwita hata Monsinyori."

Kornel alicheka mpaka chai ikamwagika. Kristiana hakucheka. Alikuwa anamtazama mume wake.

Leonardi akakataa. Akasema ataifungua injini yenyewe, ataifufua, apewe muda tu. Na hapo ndipo ujinga wenyewe ulipoanza.

Lazima niwaambie habari ya babu. Babu yetu alikuwa myeyushaji chuma, enzi zile Wafipa tunajitengenezea majembe wenyewe. Tanuru lake, sisi tunaita ilungu, bado limesimama kule shambani kwetu, refu kuliko mtu, nyasi zimeota kichwani. Wakati wa kuyeyusha, wanaume walihama nyumbani. Walilala kule kule kwenye tanuru. Mke haguswi. Walisema tanuru lile ndilo bibi harusi, na lina wivu, likinusa harufu ya mke kwako chuma hakitoki, yanatoka majivu matupu. Bibi alipeleka chakula, anakiweka juu ya jiwe mbali, anageuka bila kutazama nyuma. Hadithi hizo tulisimuliwa wote. Mimi niliziacha hapo hapo jikoni kwa bibi. Leonardi alizibeba.

Jumatano ya Majivu, jioni, tumetoka kanisani na alama usoni, Leonardi akachukua mkeka na blanketi, akahamia kwenye kibanda cha gari uani.

"Unakwenda wapi?" Kristiana akamwuliza.

"Nafungua injini kesho. Chakula uwe unaweka pale kwenye jiwe la kufulia. Usiingie kibandani."

"Kwa nini nisiingie?"

"Chuma."

Hilo tu. Chuma! Injini ya wazungu, imetengenezwa kiwandani, sijui na watu gani, labda wote wameoa na wana watoto saba saba, lakini yeye anaifuata miiko ya babu.

Majirani walimsifu. Wakasema tazameni Leonardi alivyoshika Kwaresima, anajinyima mpaka kitanda. Hata padre alimtaja kidogo kwenye mahubiri. Mimi nimekaa benchi la tatu nasaga meno, Kristiana pembeni yangu anatazama sakafu.

Pasaka ikafika. Kristo akafufuka, Leonardi hakutoka kibandani. Anasubiri ringi za pistoni, dereva wa lori amemwahidi kutoka Zambia. Zikaja. Juma moja baadaye injini ikawaka. Mazwi yote ilisikia, watoto wakashangilia. Na mimi nikasema haya, asante Mungu, sasa atalala kwake.

Kristiana naye alisema hivyo hivyo. Yale mashuka ya maua ya dukani, aliyokuwa ameyaficha sandukuni, akayatoa akatandika. Akaoga, akasuka nywele. Alinieleza mwenyewe baadaye, na haikuwa rahisi kwake kueleza. Akakaa kitandani, taa inawaka, anasikiliza injini uani inapanda na kushuka. Ikazimika. Akasikia hatua za mume wake. Hatua zikaenda kwenye jiwe, zikachukua sahani, zikarudi kibandani.

Asubuhi akamwuliza, kwa mbali, kama alivyoagizwa. "Si imewaka?"

"Imewaka. Bado inazoea."

Nilikwenda mwenyewe kumsema. Nilisimama mlangoni mwa kibanda, tena nikaingia kwa makusudi, nikaishika injini kwa mikono miwili. "Haya, nimeigusa. Mimi ni mwanamke. Imekufa?"

"Wewe ni dada, siyo mke."

"Leonardi, utampoteza yule mwanamke."

"Dada, sikiliza kwanza," akaiwasha. Aliiwasha! Namwambia habari za nyumba yake, yeye ananiwashia injini. Nikaondoka na masikio yangu yanavuma.

Pentekoste ikapita. Jumanne yake Kristiana akafunga mzigo, akawawekea kuku maji, akapanda lori la Chala kwa kaka yake. Hakugombana na mtu. Na mdogo wangu, niseme ukweli hata kama ni aibu ya ukoo, hakujua. Alhamisi ndiyo alikuja kwangu, mafuta mpaka kwenye nyusi.

"Dada, Kristiana anaumwa? Siku ya pili leo sahani haipo kwenye jiwe."

Nilikuwa napepeta ulezi. Nilimrushia ungo. Ulezi wote ukamwagika, hasara juu ya hasara.

"Mkeo amekwenda kwao, mpumbavu wewe! Siku mbili! Huyo mwanamke angekuwa boliti ungejua ameanguka dakika ile ile!"

Akakaa chini pale pale kwenye ulezi. Akawa mweupe, kama mtu anaweza kuwa mweupe na oili yote ile. Akapangusa ulezi magotini, akasema, "Twende Chala, dada." Angalau hilo alilijua, kwamba peke yake hafunguliwi mlango.

Tulipanda lori. Kufika, Kornel mwenyewe yuko hoi. Mashine yake ya kusaga imekufa injini, watu wa Chala wamerudi kwenye vinu, wanamtukana. Ile injini ya dizeli ya basi alikuwa amekwisha kuifunua turubai ili aifunge pale.

Kristiana akatoka. Akanipigia magoti, "Shikamoo wifi." Kwa Leonardi akatoa mkono kama kwa karani wa kata.

Nikaeleza nilichokwenda kueleza. Nikaomba msamaha kwa niaba ya ukoo, kitu ambacho sipendi. Kristiana akasikiliza mpaka mwisho.

"Wifi, mimi sikuolewa kuwa mke mkubwa. Lakini kama mke mwenza yupo, basi afuate desturi. Kwetu mke mdogo akiletwa anaanza na nini?"

"Na kusaga," nikasema.

"Basi aje asage." Akamgeukia mume wake kwa mara ya kwanza. "Ile injini ije hapa, ifungwe kwenye mashine ya kaka. Hiyo dizeli iende kwenye gari, gari lifanye kazi. Na wewe utalala humo mashineni na mke wako. Chakula nitaweka pale." Akaonyesha jiwe kwenye mpaka wa ua, mbali kweli. "Nimehesabu kwenye kalenda ya parokia. Siku tisini na saba ulizonifanyia. Tisini na saba nazo utakaa."

Kornel akaruka. "Injini ya mashindano kusaga ulezi? Itanimaliza kwa petroli! Ina kabureta mbili ile, midomo miwili!"

"Mwenye injini ataiziba mdomo mmoja," Kristiana akasema.

Sasa nilimtazama Leonardi. Nilijua hapo ndipo penye kazi. Kuitoa kwenye gari ni jambo moja. Kuifunga mdomo, ile sauti haipandi tena, na anayepaswa kuishika spana ni yeye. Alitoka nje. Nikadhani amekimbia, nikaanza kutafuta maneno ya kumlaani. Kumbe alikwenda kutafuta lori la kuibeba injini kutoka Mazwi.

Akaifunga mwenyewe. Akatoa kabureta moja, akaziba tundu kwa bati na boliti nne. Alipoiwasha ilinguruma, lakini chini chini, kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Ukanda ukazunguka, unga ukatoka. Leonardi akaugusa unga, akautazama. Lile gari jekundu nalo likawekewa dizeli. Boneti haifungi, imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na likija linapiga kelele tok-tok-tok kama mashine ya kusaga. Yaani gari linalia kama mashine na mashine inalia kama gari. Mtu unaweza kuamini upumbavu huu? Lakini lilikwenda Chala kila siku, na magunia mawili nyuma na abiria wanne wamekunja magoti. Dereva Kornel.

Kwa hiyo Leonardi akakaa mashineni, mweupe unga mpaka kwenye kope. Jioni anakwenda kwenye jiwe, anachukua sahani, anarudi. Watu wa Chala walicheka sana. "Fundi, bibi harusi hajambo?" Anajibu hajambo. Kristiana hakumtazama. Kila Jumapili anachora mstari kwenye kalenda.

Mwezi wa tisa nilipanda lile gari na debe langu la ulezi. Nasema nilikwenda kusaga. Nilikuwa nimehesabu pia, basi. Nimefika, sijatua debe, Leonardi ananijia mbio, machozi yamechora mistari kwenye unga.

"Dada, ameniacha. Sahani haipo."

"Leo siku ya ngapi?"

"Sijui! Haipo, dada. Kama ile mara ya kwanza. Amekwenda wapi sasa?"

Nikatazama nyuma yake. Mlango wa nyumba anayolala Kristiana uko wazi. Moshi unatoka jikoni. Kwenye kamba yamening'inia mashuka ya maua, yamefuliwa, yamekauka. Kila kipofu wa Chala aliona, isipokuwa huyu niliyezaliwa naye tumbo moja.

"Leonardi."

"Naam, dada."

"Chakula kiko ndani. Siku zimeisha. Ingia ndani, bwege wewe!"

Akasimama. Akageuka, akautazama mlango. Halafu, wallahi na mimi Mkatoliki naapa hivyo, akageuka tena akatazama mashineni.

"Injini iko inawaka. Nani ataizima?"

"Mimi!" nikapiga kelele. "Nitaizima mimi! Nenda!"

Akaenda, anajipangusa unga kwenye suruali. Nikabaki pale na debe langu, sijui hata inazimwa wapi, nikangoja mpaka Kornel alipomaliza kushusha magunia garini akaja.